Kilio Kilichookotwa

Ukuta ulianza kutoa jasho kabla haujatoa sauti.

Chepchirchir aliliona jasho hilo asubuhi moja ya Januari, akifagia. Mwezi huo bonde la Subukia huwa limekauka, mabua ya mahindi yanalialia shambani na nyumba za udongo zinapasuka nyufa za kuingiza kidole. Lakini ukuta wa upande wa mashariki, pale palipokuwa na kitanda cha mtoto, ulikuwa umelowa. Mvua haikuwako. Mtungi wa maji ulikaa upande wa pili. Aliweka kiganja, akakuta ukuta una joto, joto la paji la mtu mwenye homa, na alipounusa mkono wake ulinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa ambao jembe la kupalilia halifiki.

Akachanganya samadi na udongo, akakandika upya. Kesho yake kandiko nalo lilikuwa limelowa. Kuku waliozoea kulala pembe ile wakahamia jikoni wenyewe, bila kufukuzwa. Hakumwambia mumewe. Ungeanzia wapi kumweleza jambo kama hilo mtu kama Kiprugut, ambaye hajawahi kulalamikia hata jua?

Kiprugut alikuwa nyapara wa wakamuaji katika shamba la mzungu mmoja, shamba la ng'ombe wa maziwa lililoteremka kutoka kilimani hadi mtoni. Siku hizo za hali ya hatari wazungu wengi waliwatazama wafanyakazi wao kwa jicho la pembeni, lakini yeye aliachiwa ufunguo wa chumba cha krimu. Hakuwa msemaji. Sifa zake zilisemwa na wengine, hasa Kosgei, mwenzake wa rika, aliyetahiriwa naye alfajiri moja. Kosgei alipenda kusimulia jinsi wazee walivyoukodolea macho uso wa Kiprugut wakitafuta woga, na jinsi siafu alivyompanda shavuni, akatembea hadi juu ya kope, naye asipepese. "Siafu akaona haya, akashuka," Kosgei humalizia, na watu hucheka. Kiprugut hakucheka wala hakukanusha. Kwa watu wao, kijana aliyekunja uso siku ile aliibeba aibu hiyo maisha yake yote, na mama yake pia. Aliyevuka salama hakusahau alivyovuka.

Walikuwa na mtoto mmoja, Cheptanui, aliyekuja baada ya miaka mingi ya kungoja. Tangu azaliwe wakaacha kuitana kwa majina yao. Huyu akawa Baba Tanui, yule Mama Tanui. Kisha, masika ya mwaka uliotangulia, nimonia ikamshika mtoto wakati barabara ya kwenda Nakuru imegeuka tope na lori la krimu limekwama huko njiani. Baba yake alimbeba hadi barabarani, akangoja naye, akarudi naye amekwisha kufa. Alichimba kaburi mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akapangusa jembe kwa nyasi, na jioni akaonekana zizini anakamua. Aliyemwambia apumzike alijibiwa kwamba ng'ombe hawajui msiba. Desturi ya wazee ilikataza kutaja jina la aliyekufa, naye aliishika desturi hiyo sawasawa, hata akawa hana tena jina la kumwitia mkewe. Akawa anasema tu, "Wewe."

Sauti ya kwanza ilikuja Februari, alasiri, saa ambayo wanaume wote wako zizini. Chepchirchir alikuwa mlangoni akipepeta wimbi. Akasikia mtu akiguna ndani, guno fupi la mtu anayeinua mzigo. Akadhani mumewe amepitia nyuma. Akaingia. Hapakuwa na mtu. Guno likaja tena, refu zaidi, likatoka ukutani, na lilikuwa la Kiprugut kabisa, na mkwaruzo wake ule wa kooni.

Aliteremka mteremko mbio, kitambaa cha kichwa kikamwanguka asikiokote, akazipita nyumba za wakamuaji, akalipita josho la ng'ombe, akafika zizini akihema, na pale akamwona mumewe ameketi kwenye kigoda chake, paji limeegemea ubavu wa ng'ombe mwekundu, mdomo umefungwa, mikono ikipanda na kushuka, maziwa yakilia ndooni. Na huku akimtazama, kutoka juu kule alikotoka, upepo ukaleta sauti ya mtu huyu huyu akiugulia, polepole, kama aliyelazwa chali na kuwekewa jiwe tumboni. Ng'ombe wote walisimamisha masikio. Kiprugut hakuinua kichwa.

"Umesikia?" mkewe alimwuliza kwa kunong'ona.

"Nini?"

"Hiyo."

Akaendelea kukamua mpaka chuchu zikawa tupu. "Ni upepo," alisema. "Rudi nyumbani, wewe. Jua ni kali."

Mwanamke mwingine angehama siku ile ile. Chepchirchir alirudi kwa sababu hakuwa na pa kwenda, na siku zilizofuata alibaki kwa sababu nyingine, ambayo hakuijua mwenyewe mpaka alasiri ile sauti ilipoacha kuguna, ikataja jina.

"Tanui," ikasema.

Alikaa chini pale pale. Hakuwa amelisikia jina hilo likitoka kinywani mwa mtu tangu mazishi. Sauti ikaanza kulia, kilio cha mwanamume mzima asiyejua kulia, kinachokwama na kurudi, na katikati ya kilio ikawa inasema maneno. Ilisema habari ya barabara na tope. Ilisema jinsi mtoto alivyokuwa mwepesi. "Mama Tanui," ilisema, "aliniuliza kama lori inakuja. Nikamwambia naisikia. Nikamwambia, hata wewe sikiliza. Akasikiliza mpaka akafa."

Hayo Kiprugut hakuwahi kumwambia. Kuanzia siku hiyo, wanaume wakishaenda kukamua, Chepchirchir alichukua kazi yake ya mikono, akaenda kuketi kando ya ukuta. Alijua vyema kwamba yule si mumewe. Mwili ulimsisimka kila aliposikia pumzi ya kwanza, na harufu ya udongo ilipopanda alifunga pua kwa leso. Lakini palikuwa na mtu wa kulia naye. Alimlilia mtoto wake kimya kimya, na ukuta ukalia naye, na jioni Kiprugut aliporudi na kusema, "Wewe, chakula," alimtengea chakula bila uchungu.

Ikapita miezi. Sauti ilizidi kunenepa. Ilijaa, ikawa na kifua, huku mwenye sauti akipungua hata mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Chepchirchir aliona lakini hakuunganisha. Au aliunganisha, akaacha. Ni vigumu kusema mtu anajua nini pale ambapo kujua kutampokonya kitu.

Siku moja kilio kilipokwisha, badala ya kimya, alisikia ukutani mlio mdogo. Ulikuwa mlio wa mtu anayeramba vidole baada ya kula.

Aliinuka polepole, bila kuupa ukuta mgongo, akarudi kinyumenyume hadi nje, akateremka zizini. Alimkuta Kiprugut nyuma ya chumba cha krimu. Alikuwa amesimama wima, amelikandamiza tumbo kwenye nguzo ya ua, chini ya mbavu, kwa nguvu zake zote kama anayetaka kutokea upande wa pili. Jasho lilimtiririka shingoni. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Unaumwa," mkewe alisema.

"Hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Ni tumbo tu. Nikinywa maziwa linapoa."

Ilimchukua muda kumshawishi kwenda hospitali mjini, na alikubali kwa sharti kwamba Kosgei aje pia. Chepchirchir alifurahi. Alidhani mtu mbele ya rafiki yake atasema zaidi. Walipanda lori la krimu, Kosgei akimtania njia nzima kwamba dume la ng'ombe linapelekwa kupimwa mimba.

Daktari alikuwa mzungu wa makamo mwenye macho ya kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Benchi nje lilikuwa limejaa tangu alfajiri, na kabla yao alikuwa ametibu mwanamke aliyepiga kelele kwa jipu dogo mpaka wauguzi wakaja kumshika. Alimlaza Kiprugut, akamminya tumbo kwa vidole, na dresa mmoja, msaidizi wa kufunga vidonda, akawa anatafsiri. Inauma hapa? Hapana. Na hapa? Hapana. Daktari akaminya zaidi. Chepchirchir aliona mguu wa mumewe ukikakamaa, lakini daktari alikuwa akitazama uso, kama wazee walivyoutazama, na uso haukusema lolote. Kosgei, aliyesimama karibu na dirisha, alitikisa kichwa kwa sifa.

Dresa akauliza choo kikoje, kama ni cheusi. Kiprugut alimtazama mkewe, akamtazama Kosgei. Hakuna mwanamume wa rika lao aliyewahi kuulizwa swali hilo mbele ya mke na mwenzake. "Ni kizuri," alisema.

Daktari akauliza la mwisho. Je, amefiwa karibuni?

Kosgei ndiye aliyejibu, kifua mbele. "Alizika mtoto wake wa pekee kwa mkono wake, na hakudondosha hata chozi."

Dresa alipotafsiri, daktari aliacha kuandika. Alimtazama Kiprugut kwa muda, akasema maneno marefu, kisha akaona benchi kupitia mlango ulio wazi, akayakatiza. Walipewa chupa ya dawa nyeupe kama chokaa, wakaambiwa apumzike na arudi akizidiwa. Hakuna aliyesema uongo siku ile isipokuwa mgonjwa, naye alifundishwa na wote waliompenda.

Lori lilikuwa liondoke jioni. Chepchirchir aliwaacha wanaume kivulini, akashuka mtaa wa Bondeni kumtafuta Bi Kaltuma, mjane wa Kinubi aliyekuwa ametoka Ravine zamani, ambaye wanawake wa mashambani walimtaja kwa sauti ya chini. Alimkuta akichambua mchele. Alimsimulia yote, hata ule mlio wa vidole.

"Mtoto alililiwa?" Bi Kaltuma aliuliza.

"Mimi nilimlilia."

"Na baba yake?"

Chepchirchir akaanza kukunja pindo la leso. Bi Kaltuma akaweka ungo chini, akasogea karibu, akanong'ona kana kwamba kuna mtu nyuma ya pazia.

"Kuna majini ya mavi na majalala, mwanangu, na kuna wanaookota vitu vya ndani ya watu. Mumeo alikitupa kilio chake. Mwenzetu huyo amekiokota, anakivaa, anakila. Kikiisha, atamla aliyekitupa. Na nadhani kiko mwishoni."

"Utamfukuza?"

"Mimi nitamshika tu, kwa ubani na maneno ya Mungu. Kumnyang'anya ni kazi ya mwenye mali. Baba wa mtoto alie mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele yako."

"Akilia, hiyo sauti itakwenda?"

Bi Kaltuma alimtazama kwa huruma. "Itakwenda. Umeizoea," alisema.

Chepchirchir aliinamisha kichwa. Palikuwa na punje ya mchele kwenye mkeka, akaiokota, akairudisha kwenye ungo.

Hakujua angemwambiaje Kiprugut. Mwishowe, wakirudi, lori likipanda milima na Kosgei amesinzia juu ya madebe matupu, alimwambia neno moja tu, kwamba ukuta ulimweleza habari ya lori. Kwamba yeye alimwambia mtoto kuwa analisikia likija. Kiprugut alitazama barabara iliyobaki nyuma yao, mpaka vumbi likauficha mji wote. Hakuuliza ni ukuta gani.

"Mlete huyo mama," alisema.

Bi Kaltuma alifika Jumapili mchana, wakati kambi nzima ya wafanyakazi iko ibadani. Kosgei alitaka kuingia, akazuiwa mlangoni. Akaketi nje juu ya gogo, amenuna kama mtoto aliyefukuzwa karamuni. Ndani, ubani ulipowekwa juu ya makaa na Bi Kaltuma akaanza kusoma, ukuta ulitoa jasho mpaka likatiririka sakafuni, harufu ya kaburi ikaupita ubani, makaa yakafifia ingawa hakuna upepo, na ile sauti ikaanza, si kwa guno sasa bali kwa kilio kizima, ikalia Tanui, Tanui, ikalia lori, ikalia tope, ikawa kubwa hata vibuyu vikatetemeka kwenye ndoano zake, na Kiprugut, ambaye alikuwa akiisikia bila kuficha kwa mara ya kwanza, alikaa wima mbele yake, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesomewa mashtaka ambayo ni ya kweli.

"Sasa," Bi Kaltuma alisema. "Kichukue."

Chepchirchir alipiga magoti mbele ya mumewe, akamshika uso kwa viganja viwili. "Baba Tanui," alisema, akilitaja jina. "Lia. Hapa hakuna wazee."

Alifungua mdomo. Alijaribu, hilo Chepchirchir alikuja kulisema kila alipoulizwa, kwamba alijaribu. Mishipa ya shingo ilimsimama, kifua kikapanda, lakini kilichotoka ni pumzi kavu tu, kama mivukuto ya mhunzi, na kila pumzi iliyotoka kwake ikawa kilio ukutani. Akajaribu tena. Akajaribu hata midomo ikageuka rangi. Kisha akamtazama mkewe, na uso wake ulikuwa shwari kama alivyozoeshwa.

"Mama Tanui," alisema, "sijui inavyofanywa."

Akatapika. Ilikuwa damu nyeusi, yenye chembechembe kama machicha ya kahawa, halafu ikawa nyekundu.

Bwana mwenye shamba alitoa gari lake mwenyewe. Hospitalini daktari yule yule alikuja mbio akiwa bila koti. Kosgei alikunja mkono wa shati, akasema watoe damu yake yote kama wanaitaka, na alipokuwa amelala pale na sindano mkononi, machozi yalimwagika hadi masikioni naye hakuyafuta. Daktari aliinama juu ya Kiprugut, akamwuliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, inauma wapi, mzee, niambie.

"Nimechoka kidogo," Kiprugut alisema. "Hakuna kitu kingine."

Alikufa jua likiwa bado juu. Daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda na kusema maneno mengi kwa Kiingereza, akionyesha chini ya mbavu, na vidole vyake vikifanya kama vya mtu anayeshona. Dresa alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akamgeukia mjane. "Anasema pole, mama," alitafsiri.

Walimzika kando ya binti yake. Chepchirchir hakulia. Palikuwa na wageni wa kupikiwa, na watu walimsifu, wakasema kweli huyu alikuwa mke wa yule. Wageni walipokwisha, na alasiri ya kwanza ya kimya ikaja, alifunga mlango, akaketi kando ya ukuta, akangoja.

"Mama Tanui," ukuta ulisema.

Akaegemeza shavu.

Bi Kaltuma alituma ujumbe mara kadhaa, akisema kitu kile hakijaondoka, asilale humo. Hakujibu. Alikuwa na mume sasa zaidi kuliko alivyowahi kuwa naye. Alimwambia habari za shamba, naye akamlilia mtoto wao. Chakula kilimkinaisha. Ulipoanza moto mdogo chini ya mbavu zake, alikunywa maziwa, ukapoa.

Kisha, alasiri moja ya mawingu, alisikia nyuma ya sauti ya Kiprugut guno jingine, jepesi, la kike. Alidhani ni jirani. Likaja tena, likawa kilio, na ilimchukua muda kukitambua, kwa sababu hakuna anayejijua anavyolia. Kilikuwa chake. Kilikuwa kikimlilia Kiprugut kwa jina lake la ujana, jina ambalo yeye mwenyewe hakulitumia tangu mtoto azaliwe. Alijishika tumbo. Alielewa vyema. Alielewa pia, kwa kuwa aliwahi kuuliza na kujibiwa, kwamba akikinyang'anya kile kitu kilio chake, kitaondoka na vyote kilivyobeba, hata sauti ya Kiprugut.

Angeweza kunyamaza. Alijua inavyofanywa, aliishi na mwalimu.

Ndipo sauti yake mwenyewe, kutoka ukutani, ikaanza kusema. "Nilimwona akipungua," ilisema, tamu, bila haraka. "Miezi yote nilimwona, nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka kumsikia Baba Tanui akilia." Na ikaramba vidole.

"Hayo ni yangu," Chepchirchir alisema. "Rudisha."

Akafungua mdomo, na kilichotoka kiliwafanya wanawake wa kambi waache vyungu motoni na kuja mbio. Alimlilia Kiprugut, alilia uso ule uliotulia, alilia lori, alilia kila alasiri aliyoketi pale akinyonya huzuni ya mwanamume aliyekuwa akifa kule chini ya mteremko, alilia hata koo likachanika, na ukutani sauti yake ilikatika kama uzi, ikabaki ya mumewe peke yake, nyembamba, inayorudi nyuma kama ya mtu anayeita akiwa ng'ambo ya bonde. Ilikuwa inasema kitu. Haikuwa Tanui, wala lori. Lilikuwa neno jipya, ililolisema kwa mara ya kwanza, na lilielekezwa kwake. Mlango ulikuwa ukigongwa. Chepchirchir alitaka kunyamaza kidogo tu, pumzi moja, alisikie. Lakini kilio kilikuwa kimeshampata, kikamliza kwa nguvu zake zote, naye hakusikia neno lile.